Vibete Saba kama Hadhira: Usomaji wa Filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs (1937) kwa Jicho la Fasihi Simulizi ya Wakaguru wa Gairo

Katika uhakiki wa Kiswahili, filamu ya katuni ya kigeni huitwa barazani kama mshitakiwa. Mashitaka yanajulikana: imewaondoa watoto miguuni pa bibi, imeifukuza ngano jikoni, imeleta malkia na farasi mweupe mahali palipokuwa na fisi na sungura. Mashitaka haya si ya uongo, lakini yana upungufu mmoja mkubwa wa kihakiki: hayaielezi filamu yenyewe. Hayasemi kwa nini ngano iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1812, ambayo kwa wengi ilikwisha kuwa kitu cha kusomwa vitabuni, iliweza kurudi kuwa kitu cha kutendwa mbele ya watu, na kuwaliza. Mhakiki asiyeweza kulijibu swali hilo hana pa kuanzia anapotaka kuieleza hali ya ngano za kwao.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs, iliyotengenezwa na studio ya Walt Disney kati ya mwaka 1934 na 1937, ilifanikiwa kwa sababu iliirudishia ngano hadhira yake. Haikuirudisha kwenye viti vya ukumbi wa sinema, ambako watazamaji hukaa gizani wasiweze kumjibu yeyote. Iliichora ndani ya ngano yenyewe. Vibete saba ndio hadhira hiyo. Mafanikio yake mengine, yaani rangi, nyimbo na ustadi wa mchoro, yanategemea uamuzi huo mmoja.

Neno «kibete» limechaguliwa hapa badala ya «mbilikimo», linalotumika katika baadhi ya masimulizi ya Kiswahili ya ngano hii. Mbilikimo ni jina ambalo Kiswahili kimelitumia pia kwa watu halisi wa misitu ya Kongo, na haifai kuwachanganya na wachimba vito wa kubuni.

Kwa nini Gairo

Wilaya ya Gairo, mkoani Morogoro, ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Kilosa. Mji wenyewe uko kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na msafiri huufahamu zaidi kwa viazi vitamu vinavyouzwa kando ya barabara kuliko kwa ngano. Hata hivyo ngano za Wakaguru, ambao ni wenyeji wa sehemu kubwa ya eneo hilo na ya milima inayobeba jina lao, ni miongoni mwa ngano za Tanzania zilizochunguzwa kwa makini mapema. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha ngano nyingi pamoja na maelezo yake katika majarida ya kitaaluma. Makala yake ya mwaka 1961 katika jarida la Africa, kuhusu Fisi na Sungura, yaliwasoma wanyama hao wawili kama mjomba na mpwa, na yakaonyesha jinsi uhusiano wao unavyobeba mvutano wa ndani wa jamii inayohesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwaka 1963 aliwarudia wanyama hao hao katika makala nyingine, na mwaka 1986 akatoa kitabu kizima kuhusu fikra na maadili ya Wakaguru, ambamo ngano zina nafasi kubwa.

Hali hiyo inazaa jambo la ajabu kidogo. Mtafiti wa leo anayetaka kuisoma ngano ya Kikaguru katika maandishi ataikuta kwa urahisi zaidi ikiwa ndani ya hoja ya kitaaluma, kwa Kiingereza, maktabani. Mtoto wa Gairo, kwa upande wake, anaishi kati ya Kikaguru cha nyumbani, Kiswahili cha shuleni na sokoni, na picha zinazotembea zenye lugha nyingine. Ngano imehifadhiwa mahali asipofika, na mahali anapofika pana ngano ya wengine.

Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm waliiacha ngano ya Snow White katika hali isiyo mbali na hiyo. Walikuwa wanazuoni wa lugha. Waliisikia kutoka kwa wasimulizi, wakaiandika, wakaihariri toleo baada ya toleo. Katika toleo la mwaka 1812 malkia mwenye wivu ni mama mzazi wa binti. Kuanzia toleo la 1819 mama mzazi anakufa na mahali pake panashikwa na mama wa kambo. Kufikia miaka ya 1930 ngano hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa wahariri kwa zaidi ya karne moja. Kulinganisha Ukaguru na Hollywood kunaweza kuonekana kama kulinganisha mbuyu na mchicha, lakini katika jambo hili moja zinakutana: kila upande una ngano iliyokwisha kutenganishwa na watu waliokuwa wakiisikiliza.

M. M. Mulokozi ameibainisha fasihi simulizi kwa mambo sita yanayofungamana: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Kitabu huihifadhi fani na kuyaacha matano mengine nje. Filamu nayo hutazamiwa kufanya hivyo hivyo, kwa kuwa mkanda hauwezi kumsikia anayeutazama. Ndiyo maana inafaa kuangalia kwa karibu jinsi studio moja ilivyolikabili tatizo hilo, hata kama wenyewe hawakuliita kwa jina hilo.

Mtambaji katika ukumbi mtupu

Historia za sinema husimulia utengenezaji wa Snow White kwa hesabu ya fedha, na hesabu hiyo ina uzito wake. Bajeti ya awali ilikadiriwa kuwa dola 250,000. Filamu ilipokamilika ilikuwa imekula karibu dola milioni 1.5, na studio ililazimika kukopa benki ili kuimaliza. Katika tasnia ya sinema wengi waliamini kwamba hakuna mtu mzima atakayekaa zaidi ya saa moja na robo kutazama michoro, wakaubeza mradi wote kuwa ni upumbavu wa Disney. Filamu ilipotoka iliingiza karibu dola milioni 8 katika maonyesho yake ya mwanzo, wakati ambapo tiketi ya mtoto iliuzwa kwa senti. Mwaka 1939 Chuo cha Sinema cha Marekani kilimpa Disney tuzo ya heshima ya namna yake: sanamu moja kubwa na nyingine saba ndogo.

Lakini kuna jambo lililotangulia fedha, nalo kwa kawaida hupitwa kama kisa cha kuburudisha. Mwaka 1934, kama waandishi wa wasifu wake wanavyosimulia, Disney aliwakusanya wachoraji wake jioni moja katika ukumbi mtupu wa kurekodia sauti, akawasimulia ngano nzima kwa saa kadhaa, akibadili sauti na sura kwa kila mhusika. Hapakuwa na mchoro hata mmoja. Baadhi ya waliokuwepo walikuja kusema baadaye kwamba kwa miaka yote iliyofuata walikuwa wanajaribu kuchora kile walichokiona usiku ule.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi kisa hiki ni ushahidi wa kwanza wa uhakiki. Filamu inayoshitakiwa kwa kumwua mtambaji ilianza kwa utambaji: fanani mmoja, hadhira iliyomzunguka, usiku, na masimulizi yanayobebwa na mwili. Kilichofuata kwa miaka mitatu kilikuwa jitihada ya kuuhifadhi utendaji, na vyombo vyote vilivyobuniwa vilitumikia lengo hilo. Mcheza dansi Marjorie Belcher alipigwa picha akitembea, akigeuka na kucheza, ili wachoraji wamfahamu Snow White kama mwili wenye uzito. Kamera ya tabaka nyingi ilitenganisha miti ya mbele na milima ya nyuma, ili msitu uwe mahali pa kuingia badala ya pazia la nyuma. Wachoraji walikuwa wakipewa masomo ya kuchora miili hai tangu mwaka 1932. Zaidi ya wanawake 100 walihamisha michoro kwenye karatasi angavu na kuitia rangi, kazi ya mkono mtulivu isiyosamehe kosa, na majina yao hayakuandikwa mwanzoni mwa filamu. Inafaa kulitaja hilo katika tasnifu za fasihi simulizi, kwa kuwa taaluma hii nayo ina mazoea ya kumtaja mkusanyaji na kumsahau bibi aliyesimulia.

Jambo la pili ni kikao cha hadithi. Kila tukio lilibandikwa ukutani kwa michoro midogo, likasimuliwa upya mbele ya wenzake, likachekwa au likanyamaziwa. Studio iliahidi dola 5 kwa mfanyakazi yeyote aliyeleta kichekesho kinachofaa. Tukio ambalo kikao hakikulipokea liliondolewa, hata kama mtu alikwisha kulitolea jasho: mchoraji Ward Kimball alikamilisha kwa penseli tukio la vibete wakinywa supu, likakatwa kwa sababu lilikuwa linaichelewesha ngano. Fanani stadi hufanya hivyo hivyo anapoona macho ya wasikilizaji yanasinzia. Tofauti ni kwamba fanani hukata papo hapo, na kukata kwake hakugharimu mshahara wa miezi.

Filamu hii haikuwa ya kwanza katika kila jambo inalosifiwa kwalo. Miaka 11 kabla yake, Mjerumani Lotte Reiniger alikwisha kutengeneza filamu ndefu ya vivuli vilivyokatwa kwa mkasi, akichukua masimulizi ya Alfu Lela Ulela, masimulizi ambayo msomaji wa Kiswahili anayafahamu kuliko ya ndugu Grimm. Hata kuwapa vibete majina hakukuanza na Disney. Mchezo wa jukwaani wa New York wa mwaka 1912 ulikwisha kufanya hivyo. Kilicho kipya ni kazi waliyopewa hao wenye majina.

Vibete wanaosikiliza

Katika matini ya Grimm vibete ni sauti moja iliyogawanywa mara saba. Wanarudi nyumbani, na kila mmoja anauliza swali lake: nani aliyekaa kwenye kiti changu, nani aliyekula katika sahani yangu. Hawatofautiani. Wanamwonya binti, wanaondoka, wanarudi, wanamwokoa, mpaka siku wanaposhindwa. Kimuundo ni wasaidizi wa shujaa, na mhakiki anayefuata mkabala wa Vladimir Propp angewaandikia alama moja na kuendelea.

Filamu inawapa majina ya tabia, na kila tabia ni namna ya kusikiliza. Doc ndiye mzee wa baraza anayetaka kusema kwa niaba ya wote na ulimi ukamtatiza. Grumpy ni yule mtu wa pembeni, mwenye kununa, asiyetaka kuonekana ameguswa. Happy hucheka kabla kichekesho hakijaisha. Bashful huona haya, Sleepy husinzia, Sneezy hukatiza mambo mahali pabaya kwa chafya. Dopey hasemi kabisa, naye ndiye mtoto katika kila kikao cha usiku, anayefuata kwa macho tu. Yeyote aliyewahi kukaa mahali panapotambwa ngano atawatambua hawa. Hao si wahusika wa ngano. Ni watu waliokuja kuisikiliza.

Tukio la jioni ndani ya nyumba ya vibete linalithibitisha hilo. Baada ya muziki na dansi, vibete wanamwomba mgeni wao asimulie hadithi. Wanataka iwe ya kweli, na iwe ya mapenzi. Anapoanza kusimulia habari za binti mmoja wa mfalme, wanamkatiza kwa maswali: je, binti huyo ni yeye? Je, kupenda ni vigumu? Anawajibu, na masimulizi yanageuka kuwa wimbo. Grumpy amekaa kando, amegeuza uso, anabeza. Hapa filamu inasimama kabisa. Hakuna tendo linalosogeza msuko. Kuna fanani, hadhira iliyomzunguka, usiku, mahali, na fani inayotendwa. Mambo sita ya Mulokozi yote yamo ndani ya fremu moja. Mtazamaji aliyeko ukumbini hawezi kumuuliza Snow White swali, lakini kuna saba wanaomuulizia.

Kwa utaratibu huo inaeleweka kwa nini maombolezo yana nguvu. Kifo cha Snow White hakionyeshwi. Tunauona mkono unaoanguka na tofaa linalobingirika. Kinachoonyeshwa kwa muda mrefu ni vibete wakiwa wamepiga magoti kandokando ya kitanda, mishumaa ikiwaka, bila neno. Tukio hilo lilihuishwa na Frank Thomas, na mchoro karibu hausogei. Machozi ndiyo yanayosogea. Grumpy, aliyebeza hadithi, ndiye anayeshindwa kujizuia na kugeuka kuficha uso. Usiku wa onyesho la kwanza, tarehe 21 Desemba 1937, katika ukumbi wa Carthay Circle mjini Los Angeles, watazamaji waliripotiwa kulia, na wengi wao walikuwa watu wa sinema, wanaojua jinsi picha inavyopikwa. Watu hawalii kwa sababu ya mchoro wa msichana aliyelala. Wanalia kwa sababu wenzao saba, ambao wamesikiliza pamoja nao tangu mwanzo, wanalia.

Inaweza kupingwa kwamba kwaya ya tamthilia za Kigiriki ilifanya kazi hiyo muda mrefu kabla, na kwamba hakuna haja ya kwenda Ukaguru kulitafuta jambo lililoko Athene. Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. Kwaya ya Kigiriki inafahamu zaidi kuliko wahusika, hutoa hekima na kuonya. Vibete hawafahamu lolote zaidi ya wanachosimuliwa. Wanacheka, wanaogopa, wanakatiza, wanauliza maswali ya kijinga. Wako karibu zaidi na wale wanaoitikia «pakawa» pale fanani anaposema «paukwa», kiitikio ambacho maana yake si hekima bali ni kukubali kuwepo.

Kilichokuwa kikitengenezwa Vugiri

Miaka hiyo hiyo ambayo studio ya Disney ilikuwa ikihangaika na supu ya vibete, Tanganyika nayo ilikuwa na studio ya filamu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa majaribio ya sinema kwa ajili ya Waafrika wakiwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha za Shirika la Carnegie na mchango wa serikali za makoloni. Walitengeneza filamu 35, nyingi zikiwa za mafunzo: afya, kilimo, kodi, kuweka akiba posta. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri kwa lugha kadhaa, ili mkanda mmoja uweze kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule.

Ulinganisho huu si wa kuwacheka Notcutt na Latham, ambao walikuwa na fedha kidogo na imani nyingi. Unahusu wazo la hadhira. Sinema ya kikoloni, hasa baadaye katika nadharia za William Sellers wa Kitengo cha Filamu za Makoloni, ilimfikiria mtazamaji Mwafrika kuwa mtu wa kurahisishiwa: picha ndefu, mwendo wa polepole, hila zisiwepo. Hadhira ilikuwa tatizo la kupunguzwa. Kwa mtengenezaji wa Snow White hadhira ilikuwa malighafi. Mmoja alimwuliza mtazamaji kama ameelewa. Mwingine aliuliza atachekea wapi.

Hata hivyo Afrika Mashariki ilijibu kwa namna yake. Kwa kuwa picha ilikuja na lugha ngeni, palihitajika mtu wa kusimama kando yake na kuisemesha. Msemaji wa gari la sinema enzi ya ukoloni ana warithi wake katika vibanda vya video, ambako watafsiri kama Lufufu wa Dar es Salaam walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza majina, methali, vijembe na maelezo ambayo mtunzi wa filamu hakuyaota. Matthias Krings ameichunguza sanaa hiyo kwa kina na kuitambua kuwa ni usimulizi kamili. Hollywood iliiweka hadhira ndani ya picha. Afrika Mashariki ilimweka fanani kando ya picha. Ni majibu mawili ya upungufu mmoja, na uhakiki wa Kiswahili ungefaidika kama ungeyasoma pamoja badala ya kuliita la kwanza uvamizi na la pili uharamia.

Mjomba asiyekuwepo

Filamu ililipia ushindi wake. Katika Grimm malkia anamwendea binti mara tatu: kwa mshipi unaombana kiunoni, kwa kitana chenye sumu, kisha kwa tofaa. Filamu ilibakiza tofaa peke yake. Kwa mantiki ya sinema uamuzi huo ni sahihi, lakini marudio ya mara tatu ndiyo uwanja wa hadhira halisi. Mara ya kwanza msikilizaji anashangaa, mara ya pili anajua, mara ya tatu anapiga kelele mlango usifunguliwe. Filamu iliyoajiri hadhira yake ya kuchora iliweza kuwanyima wasikilizaji wa nyama na damu nafasi hiyo. Mwisho nao umelainishwa. Malkia wa Grimm anachezeshwa akiwa amevaa viatu vya chuma vya moto mpaka anakufa. Wa Disney anaanguka kutoka kwenye jabali, na hakuna mkono wa mtu uliomwua. Busu la kumwamsha maiti limeazimwa kutoka ngano nyingine.

Kwa msomaji aliyelelewa katika mfumo wa Wakaguru, pengo kubwa zaidi liko kwingine. Mtoto wa Kikaguru ni wa ukoo wa mama yake. Mama akifa, ukoo haufi naye. Wapo mama wadogo, yupo bibi, na juu ya wote yupo mjomba, mwenye haki na wajibu juu ya watoto wa dada yake. Snow White ni yatima asiye na ujombani. Mama wa kambo anaweza kumfanya mtumishi wa jikoni na kuagiza auawe bila mtu yeyote wa upande wa mama kubisha hodi. Baba katika Grimm yupo lakini hana sauti. Katika filamu hata hatajwi. Hofu inayoiendesha ngano hii, kwamba mke wa baba anaweza kumfuta kabisa mtoto wa mke aliyetangulia, ni hofu ya nyumba inayohesabiwa kwa baba, na inatisha kikamilifu ndani ya nyumba ya namna hiyo tu. Fanani wa Gairo akiisimulia bila kubadili kitu ategemee swali moja kutoka gizani: wajomba zake wako wapi?

Swali hilo lisimfanye mhakiki aanze kuusifia mfumo wa Wakaguru kana kwamba ndani yake hakuna ukatili. Ngano zao zinakataza wepesi huo. Mjomba katika ngano zilizochunguzwa na Beidelman ni Fisi, mlafi na mzito wa akili, mwenye mamlaka asiyoyastahili. Mpwa ni Sungura, anayemshinda kwa hila. Jamii iliyompa mjomba madaraka makubwa ndiyo iliyomvika ngozi ya fisi usiku. Yaani kila mfumo wa ukoo humpeleka mchawi wake pale penye mamlaka yanayoogopwa: Ujerumani kwenye kioo cha mama wa kambo, Ukaguru kwenye tumbo la mjomba. Kwa sababu hiyo mpango wa «kuitohoa» Snow White kwa kumpaka rangi na kumvalisha kitenge hauna maana yoyote. Hofu yake haihamishiki kwa kubadilisha mavazi.

Fisi na Sungura mbele ya kamera

Kuna kazi za karibu zinazoonyesha njia. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya watoto ya BBC mwaka 2010, ilihuishwa Nairobi katika studio ya Homeboyz kwa mtindo wa uchoraji uliozaliwa Dar es Salaam kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga. Macho yanafurahi kuitazama. Lakini kila kipindi kinaeleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo, na utaratibu huo, unaofaa mara moja, huchosha unaporudiwa kwa makumi. Wanyama wanabaki na maumbile bila ukoo. Tembo ana mkonga, hana mjomba. Ubongo Kids, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, haina mvuto huo wa rangi na lengo lake ni hesabu na sayansi, lakini ilifanya jambo ambalo kwa hoja ya uhakiki huu ni zito zaidi: iliuliza maswali na kumruhusu mtazamaji ajibu kwa ujumbe wa simu. Hadhira ikapewa tena kinywa.

Filamu ya Fisi na Sungura wa Ukaguru, kama itatengenezwa, haitakosa msuko. Msuko upo tayari katika maandishi. Itakachokosa ni kile ambacho maandishi hayakukibeba: nani anacheka Fisi anapodanganywa, mjomba au mpwa? Je, mzee aliye na wapwa zake kikaoni hucheka mahali pale pale wanapocheka wao, au hunyamaza kama Grumpy na kugeuza uso? Wachoraji wa Disney waliweza kuibuni hadhira yao kwa sababu walikuwa wamekaa ndani yake jioni moja mwaka 1934. Hadhira ya Gairo haiwezi kubuniwa kutoka studio ya Nairobi au Dar es Salaam, wala kusomwa katika jarida.

Jambo hili linagusa moja kwa moja namna ngano zinavyokusanywa kwa ajili ya tasnifu zinazohifadhiwa vyuoni. Kwa mazoea, kinasa sauti huwekwa mbele ya mdomo wa fanani, wajukuu huombwa watulie, na kicheko kinachopenya huandikwa kwenye mabano au huachwa. Matini safi hupatikana, na Grimm wangeifurahia. Anayekusanya ngano ya Kikaguru leo, kijijini juu ya mji wa Gairo, anaweza kubeba vinasa sauti viwili, na cha pili akakigeuzia upande wa mlangoni, walikokaa watoto.